Doa la Usoni na Dawa Yake

Nilipokuwa nikikaa Tanga, katika nyumba iliyopakana na yetu alikuwapo binti mmoja aliyekwisha poswa, ambaye majuma matatu kabla ya arusi yake alitokwa na chunusi mbili katika shavu la kushoto, akazitumbua kwa kucha, zikapona, na mahali pake pakasalia madoa mawili meusi, kila moja kiasi cha punje ya choroko. Somo wake, mwanamke mtu mzima aliyeheshimiwa mtaani, alimtazama kwa utulivu akamwambia, "Mwanangu, hayo si kitu, yaache yatakwenda yenyewe." Lakini binti alikuwa na haraka ya mwari. Saa nne ya asubuhi alikata ndimu, akajisugua shavuni, kisha bila ya kunawa akajitwika kikapu akaenda sokoni Ngamiani, akarudi adhuhuri jua likiwa utosini. Siku ya pili shavu lilikuwa jekundu. Siku ya tatu likatoka malengelenge. Na malengelenge yalipokauka yaliacha baka la rangi ya kahawa lililoteremka mpaka kidevuni, likiufuata mchirizi ule ule ambao maji ya ndimu yalipita.

Kisa hicho hunirudia kila nisikiapo mtu akiuliza dawa ya madoa, kwa sababu karibu habari yote ya jambo hili imo ndani yake: doa lilizaliwa na jeraha, jeraha la pili likaliongeza, na jua likalikoleza.

Rangi ya mwanadamu hutengenezwa na chembe hai maalumu zilizojipanga chini kabisa ya tabaka ya juu ya ngozi, na ajabu ya kwanza ni kwamba mtu mweupe na mtu mweusi wana chembe hizo kwa idadi iliyokaribiana sana; kinachowatenga ni wingi na namna ya rangi yenyewe, iitwayo melanini, ambayo kila chembe huitoa na kuwagawia jirani zake. Ajabu ya pili ni kazi ya rangi hiyo, kwani ikisha kufika katika chembe jirani hujikusanya juu ya kiini chake, upande unaoelekea jua, mfano wa mwavuli uliokunjuliwa, ili mionzi isikiharibu kiini kile. Basi ngozi ikikwaruzwa, ikiungua, ikiumwa na mbu, ikipata tetekuwanga au ikitokwa na chunusi, chembe zile huchochewa na ule uvimbe, nazo humwaga rangi kupita kadiri. Jeraha hupona, uvimbe hutoweka, na rangi iliyomwagika husalia. Doa la namna hii si uchafu, wala haliondoki kwa kusuguliwa, na kila apitishaye jiwe au dodoki gumu juu yake kwa nia ya kulitakasa huwa analijeruhi upya na kuziamuru chembe zile zimwage rangi nyingine.

Iwapo rangi imebaki katika tabaka ya juu, doa huwa la kahawia au jeusi la wazi, na kwa kuwa tabaka hiyo hujivua na kuzaliwa upya kwa muda wa mwezi hivi kwa kijana, na zaidi ya hapo kwa mtu mzima, doa hilo hupungua kidogo kidogo mwezi baada ya mwezi. Iwapo rangi imezama katika tabaka ya chini, doa huonekana la kijivu kama majivu au lenye usamawati, nalo huweza kukaa miaka. Kuna pia mabaka mapana yanayotokea kwa jozi katika mashavu, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, ambayo huwapata zaidi wanawake wakati wa uja uzito au watumiapo vidonge vya kupanga uzazi. Hayo husababishwa na homoni na mwanga wa jua kwa pamoja, na aghalabu yale ya uja uzito hufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Dawa ya kwanza ya madoa yote hayo, ambayo ikikosekana dawa nyingine zote huwa ni kuteka maji kwa pakacha, ni kuyakinga na jua. Watu wengi wenye ngozi nyeusi huamini kwamba jua haliwahusu, na ni kweli kwamba ngozi yao haibabuki upesi. Lakini katika habari ya madoa wao ndio wenye kuhitaji kinga zaidi, kwa maana chembe zao ni hodari wa kutoa rangi, na muda mfupi wa jua kali huweza kurudisha kilichofifia kwa siku nyingi. Ushungi, kofia yenye ukingo mpana na mwavuli ni kinga za kale ambazo hazijapitwa na wakati. Fauka ya hizo yako mafuta ya kukinga jua, ambayo nguvu yake huandikwa kwa herufi SPF na namba. Tafuta yenye 30 au zaidi, ujipake usoni na shingoni kiasi cha mistari miwili iliyojaza urefu wa vidole viwili, kisha urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Malalamiko ya kwamba mafuta hayo huacha weupe kama wa chaki ni ya haki, na dawa yake ni kuchagua yale yaliyotiwa rangi ya udongo, kwani madini ya chuma yanayoyapa rangi hiyo huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao huchochea mabaka katika ngozi nyeusi. Kinga hii si anasa ya wageni: huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo kwenye hospitali ya KCMC, mafuta ya kukinga jua hutengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao ni kinga ya saratani na kwa hiyo ni kinga ya uhai.

Jambo la pili ni kuufunga mlango ambao madoa yanaingilia. Mwenye chunusi atibu chunusi kwanza, na azuie kucha zake. Mwenye kutokwa na vipele vya ndevu asinyoe kwa kurudi kinyume cha zinakoelekea ndevu, au aziache ndevu kidogo. Mwenye kupaka nywele mafuta mazito ajue kwamba yakimtiririkia pajini huziba vinyweleo na kuleta chunusi mahali hapo hapo. Na liko doa moja ambalo watu wengi wa pwani na bara wamelibeba bila ya kujua asili yake. Ni doa la mviringo, jeusi, mara nyingi mdomoni, mkononi au mahali pa siri, ambalo huwasha na kuvimba, likatulia, kisha baada ya miezi likarudi pale pale. Hilo aghalabu ni alama ya dawa ambayo mwili unaikataa, na katika nchi zetu dawa za salfa, ambazo baadhi yake zimetumika sana kwa malaria na kwa maradhi ya kifua, ni miongoni mwa zenye kulisababisha mara nyingi. Mtu wa namna hiyo aweza kupaka kila aina ya mafuta asifaulu, hali tiba yake ni kukumbuka alimeza nini siku ile, kuliandika jina la dawa, na kumwonyesha tabibu ili asipewe tena.

Baada ya kinga na kuufunga mlango, ndipo zije dawa za kupaka. Zilizo salama kwa matumizi ya nyumbani si nyingi. Asidi ya azelaiki, ambayo kwa asili hupatikana katika nafaka kama ngano na shayiri, huuzwa katika maduka ya dawa kwa nguvu ya asilimia 15 au 20. Hutuliza chunusi na kufifisha doa kwa wakati mmoja, na huhesabiwa kuwa salama hata kwa mja mzito, jambo ambalo dawa chache zaweza kujivunia. Huwasha kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo mtu aanze kwa kupaka usiku mmoja na kuacha mmoja. Niasinamaidi, ambayo ni namna ya vitamini B3, kwa asilimia 4 au 5, ni pole zaidi na huifaa ngozi nyepesi ya kukasirika. Adapalini na jamaa zake huharakisha kujivua kwa ngozi, lakini haziruhusiwi kwa mja mzito wala kwa anayetarajia kupata mimba. Dawa yoyote ijaribiwe kwanza nyuma ya sikio au ndani ya mkono kwa siku mbili, na kama pakiwaka moto, iachwe. Dawa inayounguza mahali pale itazaa doa jipya, na ngozi nyeusi haisahau upesi.

Kisha inahitajika subira ya kweli. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya majuma nane hadi kumi na mawili, na kufifia kabisa huchukua nusu mwaka au zaidi. Kwa kuwa mtu ajitazamaye kila siku haoni tofauti, ni vema apige picha siku moja tu ya kila mwezi, mbele ya dirisha lile lile na saa ile ile, ndipo atakapoamini. Yule binti wa Tanga aliolewa na baka lake limefunikwa kwa poda. Baada ya arusi alijitia mafuta ya nazi tu, akajifunika ushungi na kutumia mwavuli kila atokapo, na mwezi wa nane baka lilikuwa limekwisha.

Hapa yafaa kuitendea haki elimu ya masomo wetu. Liwa iliyosagwa laini na kuchanganywa na maji ya waridi, na singo ikipakwa kwa mkono mwepesi, haviondoi doa, walakini havina dhara kwa ngozi nyingi, na huiacha nyororo. Manjano huacha umanjano wa siku mbili tatu na hapana zaidi. Lililo baya ni lile lililoongezwa juu ya mila hiyo: ndimu, magadi, dawa ya meno na maji ya kufulia nguo. Ndimu ina katika maji yake, na hasa katika ganda, vitu viitwavyo furokumarini, ambavyo vikikaa juu ya ngozi na kupigwa na jua huiunguza kama vile imemwagiwa maji ya moto. Ndimu mahali pake ni jikoni.

Sasa nifike kwa lililonifanya niandike, ambalo ni mkorogo, yaani krimu za kujichubua. Kufifisha doa ni kuirudishia ngozi rangi yake. Kujichubua ni kuinyang'anya. Mnamo 1939 matabibu wa Marekani waliandika habari za wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi ambao mikono yao ilitoka mabaka meupe, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chanzo ni glavu za mpira zilizotiwa dawa ya jamaa ya haidrokwinoni ili mpira usiharibike. Sumu ya kiwandani ikageuka biashara ya urembo. Mwaka 1975 matabibu wa Afrika Kusini walieleza maafa ya wanawake weusi waliokuwa wakipaka krimu za haidrokwinoni kwa muda mrefu: mashavu yao, badala ya kung'aa, yaligeuka meusi yenye usamawati na kuwa na punje punje, hali ambayo hata leo ni ngumu kuitibu, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi. Tabibu aweza kumwandikia mgonjwa dawa hiyo kwa kipimo na kwa muda mfupi, na hilo ni shauri lake. Kopo la sokoni halina tabibu.

Wenzake haidrokwinoni katika mkorogo ni wawili. Zebaki hupenya ngozini na kuyadhuru mafigo na mishipa ya fahamu, na huhamia kwenye mashuka, taulo na kwa mtoto anayenyonya. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza nchi za nje vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki katika milioni. Krimu za steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli, ni dawa njema za maradhi fulani, lakini zikipakwa usoni kila siku huikondesha ngozi mpaka mishipa ikaonekana, huleta chunusi na malaika za usoni, na huifanya ngozi isishike mshono vizuri, hata daktari wa upasuaji akapata taabu ya kumfunga mama aliyejifungua kwa kisu. Mtu aliyezizoea asiziache ghafla, aende kwa tabibu amshushe pole pole. Kopo lisiloandikwa vilivyomo, au linaloahidi weupe kwa siku saba, lisinunuliwe.

Mwisho, yapo madoa yasiyopakwa kitu kabla hayajaonekana na daktari. Weusi mnene kama mahameli shingoni na makwapani, ambao watu huusugua kwa jiwe wakidhani ni uchafu, mara nyingi ni ishara kwamba mwili unashindwa kuitawala sukari, na mtu huyo akapime damu. Baka lililopauka na lisilohisi mguso laweza kuwa ukoma, ambao hutibika. Na doa jeusi linalokua, lenye ukingo usio sawa, likiwa katika wayo, kiganja au chini ya ukucha, laweza kuwa saratani ya rangi, ambayo kwa watu weusi hupenda mahali hapo pasipopigwa na jua. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaica ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, ikaenea mwilini, akafariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Leo jioni, utakapoosha miguu, zigeuze nyayo zako uzitazame, na za wazee wako nyumbani uzitazame pia.