Breki za Mbele za Traki: Pesa Yako Ianzie Wapi?

Chukua gari la kilo 1,400 linalotembea kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, kisha ukanyage breki hadi lishuke 80. Kwa hizo sekunde chache, breki zimemeza joto linaloweza kuchemsha karibu lita tatu za maji baridi ya chai. Na hiyo ni kona moja tu. Traki yenye kona tano za aina hiyo inakupa sufuria ya lita kumi na tano kila mzunguko, na wewe unataka kuzunguka kwa dakika ishirini. Sehemu kubwa ya joto hilo inaishia mbele, kwa sababu ukikanyaga breki uzito wa gari unalalia magurudumu ya mbele.

Kwa Thika Road hutaziomba breki zako kazi kama hiyo. Ndiyo maana gari linaweza kukaa sawa mwaka mzima, halafu siku ya traki, mzunguko wa nne, likatae kusimama.

Wenye Subaru Impreza WRX, hasa zile za 2001 hadi 2007, huwa na jibu tayari: kalipa za Brembo kutoka kwa ndugu yake STI, zile za rangi ya dhahabu. Ni mabadiliko ya maana. Diski ya mbele ya WRX nyingi za miaka hiyo ina kipenyo cha milimita 294, ya STI yenye Brembo ni 326, na chuma kingi kinabeba joto jingi kabla ya kuzidiwa. Lakini kama mfuko wako una mwisho, hapo sipo pa kuanzia. Kinachosimamisha gari ni tairi kushika lami. Kama breki za sasa zinaweza kuamsha ABS ukikanyaga kwa nguvu, kalipa kubwa haitafupisha safari ya kusimama ile mara ya kwanza. Kazi yake utaiona mara ya kumi, wakati zile ndogo zimeshachemka.

Kabla ya kutoa hata shilingi, sikiliza mguu wako. Breki zilizozidiwa na joto huongea kwa njia mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza, pedali inalegea na kuzama hadi sakafuni. Hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Ya pili, pedali ni ngumu kama kawaida, unasukuma kwa mguu wote, lakini gari linaendelea kwenda. Hizo ni pedi zilizopita joto lao na kupoteza mshiko. Dawa ya moja haitibu nyingine. Ukinunua pedi za bei kali wakati shida ni mafuta, bado utazama.

Tuseme ni mafuta. Haya hunyonya unyevu wa hewa polepole, na unyevu unashusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa kuhimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho ni 140. DOT 4 ni 230 na 155, na DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa hivyo DOT 4 iliyokaa miaka mitatu inaweza kuwa mbaya kuliko DOT 3 iliyofunguliwa leo. Nunua chupa iliyofungwa, fundi abadilishe mafuta yote na kutoa hewa magurudumu yote manne, na isiwe ile chupa ya nusu iliyokaa kwenye rafu ya gereji tangu Krismasi. Angalia pia namba vizuri: DOT 5, bila hiyo .1, ni ya silikoni na haichanganywi na hizi nyingine.

Halafu pedi. Pedi za traki zinashika vizuri zikiwa moto, lakini nyingi zinapiga kelele, zinakula diski, na asubuhi zikiwa baridi hazina haraka yoyote ya kusimamisha gari. Kama utaendesha gari hilohilo kurudi nyumbani, chagua zile za katikati, au beba seti mbili na ubadilishe ukiwa uwanjani. Pedi bandia zipo sokoni kwa wingi, na boksi zuri si ushahidi. Nunua mahali utakaporudi kuuliza maswali.

Kitu kingine cha bei nafuu ambacho watu hukidharau ni hewa. Bomba la kuelekeza upepo kutoka bampa ya mbele hadi katikati ya diski linasaidia sana. Nairobi iko juu, takriban mita 1,700, na hewa yetu nyembamba inabeba joto kidogo kuliko ya Mombasa.

Ukishafanya hayo yote na bado breki zinachoka, sasa zungumza habari za kalipa. Pima kwanza. Brembo za STI zinahitaji rimu ya inchi 17 au zaidi, na hata ya 17 inaweza kugusa kalipa kama spoku zake zimeingia ndani. Diski nazo zina mitego: kuanzia modeli ya 2005 STI ilihamia nafasi ya boliti ya 5x114.3, wakati WRX ilibaki 5x100. Diski isiyolingana na habu yako ni chuma chakavu tu. Na ukibadilisha mbele peke yake unavuruga mgao wa kazi: mbele inafunga mapema, nyuma inapumzika, na umbali wa kusimama unaweza hata kuongezeka. Fundi anayejua kazi atakuuliza kuhusu nyuma kabla hujamuuliza.

Kalipa nyingi zinazouzwa Nairobi zimeshatumika. Zikague: pistoni bila kutu, mipira haijapasuka, nati ya kutolea hewa inafunguka. Ikifungwa, nati hiyo lazima ielekee juu. Ikielekea chini, kalipa imefungwa upande usio wake na hewa haitatoka hata ukibadilisha mafuta mara tano. Kwa diski, tafuta unene wa chini uliochapwa kwenye chuma chenyewe, kisha upime.

Hapa ndipo pesa za simu zinaingia. Muuzaji akikwambia kuna mteja mwingine njiani, tuma kidogo akushikie, mwache huyo mteja afike. Lipa baada ya kuona na kupima. Ikiwezekana lipa kwa till ya duka, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na kama halifanani na la duka, simamisha hapo hapo na uulize. Ujumbe wa malipo usiufute. Kalipa ikianza kuvuja wiki ijayo, ndio utakaorudi nao.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa diski kabla ya mashindano: vuta breki mara kadhaa kutoka kasi ya wastani, mahali salama, bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Siku yenyewe, fanya mzunguko wa mwisho polepole bila kukanyaga breki sana. Ukiegesha usivute handibreki wala usikanyage pedali, kwa sababu pedi moto ikibana diski iliyosimama huacha alama, na utaisikia ikitetemeka hadi nyumbani. Weka jiwe nyuma ya tairi. Breki zikipoa, fungua boneti uangalie kiwango cha mafuta, uchungulie pedi zimebaki unene gani, ndipo urudi barabarani.