Matairi Mapya Bila Kuumiza Mfuko: Soma Kabla ya Kulipa

Ukiendesha gari kila siku kutoka Nyacheki hadi Kisii mjini, unajua jinsi barabara inavyokula matairi. Kuna milima, kona, maramu yenye mawe, na mvua za Machi hadi Mei. Tairi kipara kwenye mteremko ulioloa si mambo ya pesa tena, ni maisha ya walio ndani ya gari.

Je, lazima ununue lile la bei ghali kabisa dukani? Hapana. La bei ya kati linamtosha dereva wa kila siku, mradi ujue unacholipia.

1. Hesabu kilomita, si bei pekee

Tuseme tairi la shilingi 5,000 linaisha baada ya kilomita 25,000, na la shilingi 7,500 linafika kilomita 50,000. Kwa kilomita 50,000, ya kwanza utanunua manane: shilingi 40,000. Ya pili utanunua manne tu: shilingi 30,000. Hapo rahisi imekuwa ghali.

2. Soma ubavu wa tairi

Ukiona 175/70R14 84T, 175 ni upana kwa milimita, 70 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 14 ni inchi za rimu. 84 ni mzigo: kilo 500 kwa kila tairi. T ni mwendo usiozidi kilomita 190 kwa saa. Kama unabeba ndizi au majani chai, usichukue namba ya mzigo iliyo chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

3. Angalia umri

Tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri huku mpira umezeeka na kupasuka nyufa. Kama muuzaji hataki usome, ondoka.

4. Pesa haitoshi manne? Nunua mawili

Yawe ya aina moja, na yafungwe nyuma hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari ni gumu kulidhibiti. Kisha weka kando shilingi 1,000 kila wiki kwenye akiba ya simu yako. Wiki 15 zikiisha, una mawili mengine ya shilingi 7,500.

5. Lipa kwa akili

Usitume "deposit" kwa namba ya mtu uliyemwona mtandaoni na hujaona mali. Nenda dukani, kagua, kisha lipa kwa till ya duka. Hakikisha jina la biashara ni lenyewe, na usimwambie mtu yeyote PIN yako, hata fundi anayekuharakisha. Hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na risiti; ndio ushahidi wako tairi likitoa uvimbe na duka lilitoa warantii.

Baada ya hapo, pima upepo angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi matairi yakiwa baridi. Usisahau stepni. Meno yakilingana na vile vijinundu vilivyo ndani ya mifereji, yamebaki milimita 1.6 tu. Usingoje mvua ikukumbushe.