Kilo Mbili Zinaponing'inia Kwenye Sloti

Fungua ubavu wa kompyuta ya mezani ya mcheza gemu, na jambo la kwanza utakaloliona ni kadi ya michoro iliyoinamisha mkia. Upande uliofungwa skrubu nyuma ya kasha uko sawa. Upande wa pili umeshuka nusu sentimita, pengine zaidi. Inaweza kukaa hivyo miaka bila kuleta matata, mpaka siku kasha linapogongwa au kupakiwa kwenye buti la basi.

Zamani tatizo hili halikuwapo. GeForce 256 ya NVIDIA, iliyoingia sokoni mwaka 1999, ilikuwa kijibao chepesi chenye feni moja ndogo. RTX 4090 ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka Oktoba 2022, ina uzito wa zaidi ya kilo 2, urefu wa sentimita 30 na hula umeme hadi wati 450. Chipu yenyewe ni nyepesi. Kinacholemea ni mapezi ya alumini, mirija ya joto na feni za kuipoza.

Mzigo wote huo huchomekwa kwenye sloti ya PCI Express: kipande cha plastiki cha karibu sentimita 9, chenye pini 164, kilicholehemiwa juu ya ubao mama, ambao mafundi wanauita madabodi. Kazi yake ni kupitisha data, pamoja na umeme usiozidi wati 75. Wati zinazobaki huja kwa nyaya kutoka pawa saplai. Haikubuniwa kuwa rafu. Ndiyo maana mnamo mwaka 2015 hivi, kampuni kama MSI na ASUS zilianza kuivisha sloti hiyo ganda la chuma.

Lakini "sloti imevunjika" ni kauli inayobeba mambo mengi. Mara nyingi kilichovunjika ni kile kibano kidogo cha plastiki mwishoni mwa sloti, kinachoshika mkia wa kadi. Mtu anataka kuchomoa kadi, kidole hakifiki kwa sababu kadi imefunika kila kitu, anavuta kwa nguvu, ta! Hapo madabodi haijafa. Kibano hakipitishi umeme wala data, na kadi bado inashikwa na skrubu za nyuma. Kilichopotea ni kizuizi cha kuuzuia mkia usichomoke.

Ufa kwenye plastiki ni habari nyingine. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kasha, kisha toa kadi. Mulika tochi ndani ya sloti, ukiwa na kioo cha kukuzia. Pini zote ziwe zimepangana kama meno ya kitana. Iliyolala inaweza kuinuliwa taratibu kwa kijiti cha meno. Kuwa mwangalifu zaidi kwenye kile kipande kifupi kabla ya kigawanyo cha plastiki kinachoikata sloti, upande wa skrubu: pini za volti 12 zimo humo, na mbili zisizopaswa kukutana zikigusana, unaweza kuunguza kadi yenye thamani mara kadhaa ya madabodi.

Kama sloti inacheza ukiigusa, au imebanduka na kuondoka na vidoa vyake vya shaba, tegemeo lolote halitasaidia. Kuibadilisha kunahitaji blowa, mkono uliozoea na uvumilivu, kwani madabodi ina tabaka kadhaa za shaba zinazonyonya joto. Super glue isikaribie hapo kabisa. Hupenya mpaka kwenye pini na kuzitenga na kadi.

Tuseme pini ni nzima, kibano tu ndicho kimekwenda. Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kulilaza kasha kwa ubavu, madabodi ikiwa chini. Kadi husimama wima, na uzito wake unaizamisha kwenye sloti badala ya kuipinda. Hakikisha tu matundu ya hewa hayazibwi.

Kasha likibaki wima, kadi iwekewe nguzo. Zipo za kununua, zenye kitako cha sumaku na skrubu ya kupandisha na kushusha, ila kipande cha mbao kilichokatwa kwa kipimo kinafanya kazi ileile. Kisiwe cha chuma kitupu kinachogusa saketi, kisizuie feni, na kikae karibu na mkia wa kadi chini ya ganda lake. Hapa wengi hukosea: huisukuma kadi juu mno, na sloti inapindwa upande wa pili. Weka pima maji ndogo, ile ya waashi, juu ya kadi. Kiputo chake kikikaa katikati, acha. Kisha kaza skrubu zote mbili za nyuma, maana kadi nyingi hukutwa na moja tu.

Njia ya tatu ni waya bapa wa kurefusha sloti pamoja na kishikizo kinachoisimamisha kadi wima kwenye kasha. Sloti haibebi tena chochote. Waya wa kizazi cha zamani unaweza kuleta kioo cheusi. Kabla ya kuufunga, ingia kwenye BIOS uishushe sloti hadi kizazi cha tatu cha PCI Express (PCIe 3).

Baada ya kuwasha, programu ya bure ya GPU-Z itaonyesha kama kadi inatumia njia zote 16 za data. Ikionyesha x8, yaani njia nane, pengine kuna pini isiyogusa, ingawa madabodi nyingine hugawa njia hizo zenyewe. Kwenye gemu nyingi tofauti haionekani kwa macho. Ila picha ikikatika kila kadi inapoguswa, nunua madabodi nyingine.

Na kompyuta ikisafiri, hata iwe na nguzo bora namna gani, kadi itolewe, ifungwe kwenye boksi lake na ibebwe mkononi.