Mwalimu wa Pemba na Barua ya Profesa

Mwalimu wa chuo cha Kurani katika kijiji cha kisiwani Pemba anaweza kufanya kazi tatu kwa siku moja. Asubuhi husomesha watoto juzuu. Baada ya laasiri huandika kombe: aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha sahani huoshwa kwa marashi na mgonjwa akanywa maji yake. Usiku huenda akaitwa kumsomea mtu aliyepandwa na jini. Majirani hawaoni ajabu yoyote, kwani ni mtu yule yule na elimu ile ile. Lakini siku atakapoomba ukaazi Uingereza, fomu itamtaka awe kitu kimoja. Akiandika "mwalimu wa chuo", afisa atadhani anafundisha chuo kikuu. Akiandika "mganga", mkalimani atachukua neno la Kiingereza lenye uchawi ndani yake, na ombi litakuwa limeshaingia doa kabla ya kusomwa. Hapo ndipo barua ya msomi anayekijua kisiwa inapohitajika. Naamini anapaswa kuiandika, ila aandike kama shahidi wa mambo anayoyajua, asiwe mdhamini wa mtu.

Sababu ni sifa ya Pemba iliyokwisha kuenezwa. Mwaka 1931 Evelyn Waugh, mwandishi wa Kiingereza, alichapisha kitabu cha safari zake ambamo Pemba ni makao ya uganga wa kutisha, na akapokea uvumi kwamba hata kutoka Haiti watu huja kujifunza. Uvumi huo umekuwa ukinakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Afisa wa uhamiaji akitafuta habari za Pemba leo, uchawi utamfikia mapema, pengine sambamba na karafuu. Msomi akinyamaza, Waugh ndiye atakayekuwa mtaalamu wa kesi.

Basi barua iseme nini? Jambo lenye uzito zaidi ni ijaza. Mamlaka za uhamiaji zimezoea vyeti vyenye muhuri wa taasisi, na Uingereza humtaka kiongozi wa dini awe na taasisi inayomdhamini. Mwalimu wa Pemba mara nyingi hana muhuri wa aina hiyo. Alichonacho ni ijaza, yaani idhini ya sheikh wake, ambaye naye alipewa na sheikh wake, mlolongo unaorudi nyuma vizazi kadhaa. Katika tarika ya Kadiria, kwa mfano, mlolongo mmojawapo hupita kwa Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909. Kwa macho ya afisa haya ni maneno matupu, lakini yanaweza kupimwa. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyetoka Zanzibar akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiswahili kitabu kizima juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, wapi, na nini. Mwanahistoria Randall Pouwels alikitafsiri kwa Kiingereza na kukihariri mwaka 1989. Profesa anayeweza kulilinganisha jina la mwalimu wa mwalimu na maandishi kama hayo ametoa ushahidi. Anayeandika tu kwamba "ni mtu mwema sana" hajatoa chochote.

Wapo watakaosema wasomi wamekwisha kuaibika kwa kazi hii, na mfano wao si dhaifu. Machi 1995 kundi la kidini la Aum Shinrikyo lilimwaga gesi ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo na kuua zaidi ya watu 10. Mwezi Mei, wataalamu wa dini wa Marekani, J. Gordon Melton na James R. Lewis, walikwenda Japani kwa nauli ya kundi lenyewe, wakasimama mbele ya waandishi wa habari kulitetea. Gesi ilikuwa imetengenezwa na kundi hilo hilo. Kosa lao halikuwa kuzungumza. Walizungumza juu ya kemia wasiyoijua, wakitegemea vielelezo vya mshitakiwa, naye ndiye aliyewalipia safari. Mabaraza ya rufaa ya uhamiaji ya Uingereza yana kanuni inayoziba mwanya huo: wajibu wa kwanza wa mtaalamu ni kwa baraza, hata kama ada yake inatoka mfukoni mwa mwombaji. Kanuni hiyo inamfunga pia mtafiti aliyelala miezi nyumbani kwa mwalimu, akala wali wake na kupata shahada kwa maneno yake. Deni hilo ni la kweli. Alitaje katika barua, wala asililipe kwa kuficha malalamiko ya wagonjwa waliotozwa fedha nyingi, kama yapo.

Pingamizi jingine husema kwamba mwenye utata asisaidiwe kabisa. Lakini utata ni neno la wapinzani wake, na mara nyingine la serikali. Baada ya mauaji ya waandamanaji wa upinzani Zanzibar, Januari 2001, Wapemba wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, na machoni mwa serikali waliyoikimbia wengi wao walikuwa wachochezi. Na afisa akiachiwa mizani peke yake hupima anachokiona. Bhagwan Shree Rajneesh, kiongozi wa dini kutoka India aliyeingia Marekani mwaka 1981, alinyimwa ukaazi Desemba 1982, na moja ya sababu ilikuwa kwamba alikuwa ameshika ukimya, hivyo hawezi kuwa mwalimu wa dini. Wafuasi wake waliwatilia watu 751 sumu ya bakteria katika chakula mwaka 1984, naye mwaka 1985 akatozwa faini ya dola 400,000 kwa makosa ya uhamiaji, akaondoka. Sababu nzuri za kumkataa zilipatikana baadaye. Ile ya ukimya ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Kwa mizani hiyo, mzee anayeinamia sahani yake na kalamu ya zafarani, midomo ikicheza bila sauti, angeonekana hana kazi yoyote.