Namba iliyomaliza Jumapili za miaka mitatu

Msikilizaji, fungua kikokotoo cha simu yako uzidishe 89 kwa 97. Jibu linakuja papo hapo: 8,633. Sasa mpe jirani hiyo 8,633 peke yake, umwulize imetokana na kuzidisha namba zipi mbili. Atajaribu 3, itakataa. Atajaribu 7, itakataa, na bado ana safari ndefu. Ni kama unga wa mahindi na wa mtama: kuchanganya ni dakika moja, kuutenganisha ni shughuli nyingine.

89 na 97 ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Namba nzima yoyote inayozidi 1, kama si tasa, imejengwa kwa kuzidisha namba tasa, na hujengwa kwa seti moja tu ya vigawo. Kwa 8,633 ni hivyo viwili, basi.

Tuje kwenye namba kubwa kweli. Andika 2 mara 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927, tarakimu 21. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliiweka katika orodha ya namba alizosema ni tasa. Ilipofika 1876, Mfaransa mwenzake Édouard Lucas akathibitisha kwamba si tasa. La ajabu ni kwamba hakuvipata vigawo vyake. Kipimo chake kilikuwa kama cha mnunuzi anayejua kwa uzito kwamba gunia lina kokoto, ingawa hajaiona hata moja.

Waliozitoa kokoto ni wengine. Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Upande mmoja aliikokotoa ile namba ya Mersenne. Upande wa pili akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, akarudi kuketi, ukumbi ukampigia makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu. Huenda kisa kimeongezwa chumvi kidogo, lakini hesabu haina chumvi. Chukua karatasi ujaribu mwenyewe, maana vikokotoo vingi vya simu havionyeshi tarakimu zote 21.

Tofauti hiyo, kati ya dakika chache za kuzidisha na miaka mitatu ya kutafuta, ndiyo iliyogeuzwa kuwa kufuli. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa Marekani, walibuni njia ya kuficha ujumbe kwa namba iliyotokana na namba tasa mbili kubwa mno. Jibu la kuzidisha hutangazwa kwa wote, kama kufuli lililo wazi ambalo yeyote anaweza kulibana. Vigawo vyake hubaki siri ya mwenyewe, na ndivyo ufunguo.

Mwaka huohuo walitoa namba ya tarakimu 129, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeivunja. Ilivunjwa 1994, na watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kwa intaneti kwa miezi kama minane. Mwaka 2020 ikavunjwa ya tarakimu 250. Tovuti nyingi zinazotumia njia hii, zikiwemo za benki, sasa hutumia namba za tarakimu 617. Bila shaka tapeli anayekupigia simu akiomba namba yako ya siri hahitaji hesabu hizi. Yeye anapita mlangoni.

Wasiwasi uliobaki ni wa kompyuta za kwanta. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba mashine ya aina hiyo, ikiwa kubwa ya kutosha, ingepata vigawo hivi upesi. Bado haijaundwa yenye uwezo huo. Hata hivyo, mwaka 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa kanuni za makufuli mapya yasiyotegemea vigawo kabisa.