Joto la Kamanyola halipimwi Bukavu

Utabiri wa hewa unaotolewa kwa jina la Bukavu haumtoshi mkazi wa Kamanyola. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka mteremko wa Ngomo hadi Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, umeshuka karibu mita 500, na kwa kawaida joto huongezeka nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kushuka, yaani nyuzi 3 hivi hadi bondeni. Aliyetoka Bukavu na koti hulivua kabla hajafika. Nyuzi hizo 3 si adha ya jasho tu, kwa sababu joto la bondeni ndilo kuni za radi. Kiangazi kinapoisha, Septemba, ardhi iliyokauka huikanga hewa. Hewa hiyo hupanda kandokando ya milima, hukutana na unyevu wa maziwa na wa misitu ya Kongo, na alasiri wingu limesimama kama mnara. Mwaka 2016 watafiti waliochambua miaka 16 ya vipimo vya setilaiti walikuta eneo moja la mashariki mwa Kongo ni la pili duniani kwa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kwa hiyo onyo la joto na onyo la radi yatolewe pamoja, kwa jina la bonde lenyewe.

Wapo watakaosema wazee husoma mawingu bila redio. Ni kweli, ila radi huweza kupiga kilomita kadhaa mbele ya mvua. Mkulima wa mpunga aliyesimama katika maji, yeye ndiye mrefu kuliko vyote shambani, akingoja tone la kwanza amechelewa. Wengine husema radi hutumwa na mtu. Hata anayeamini hivyo hapotezi kitu akiukimbia mwembe uliosimama peke yake na kuingia ndani ya gari au nyumba imara. Na wapo wanaouliza, katikati ya vita nani ana nafasi ya kuhesabu nyuzi joto? Jibu liko chini ya turubai la mkimbizi: mchana linamchemsha, jioni halimkingi na radi.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mpaka. Kituo cha hali ya hewa cha ICPAC cha Nairobi hutabiri kwa nchi 11, Rwanda na Burundi zikiwemo. Kongo haimo, ina wakala wake wa hali ya hewa, Mettelsat. Lakini Bugarama ya Rwanda, ng'ambo tu ya mto Ruzizi, ina jua lile lile na wingu lile lile. Wakati vipimo vya bondeni bado ni haba, redio za Kivu zichukue utabiri wa Bugarama, ziutamke kwa Kiswahili cha kawaida na kwa saa: leo joto kali, ngurumo alasiri, tokeni mashambani kabla ya saa nane. Sentensi hiyo haigharimu kitu, na mkulima akiisikia asubuhi atajua apalilie hadi lini.