Alif ya Wafulani, namba 125184

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Ukibonyeza "a" ya Kiswahili, kinachohifadhiwa ni 97, na mashine yoyote ikiikuta namba hiyo huchora "a". Makubaliano hayo huwekwa na kiwango cha Unicode. Sisi tunaoandika kwa Kilatini hatujahangaika nacho, maana herufi zetu zimo tangu mwanzo. Hata kialama cha ng'ombe kilikuwamo bila kuombwa. Wafulani ilibidi waombe. Mwaka 1989, huko Nzérékoré nchini Guinea, Ibrahima Barry wa miaka 14 na mdogo wake Abdoulaye wa miaka 10 walibuni herufi 28 za lugha yao, zinazoandikwa kulia kwenda kushoto. Ziliitwa Adlam kwa herufi nne za mwanzo, zikaenea kwa vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono. Kwenye kompyuta zilikwama. Fonti ya awali ilizivalisha namba za herufi za Kiarabu sura za Adlam; barua ikimfikia asiye na fonti hiyo, aliona Kiarabu kisicho na maana. Wala mashine haikukosea: kwa hesabu yake, kile kilikuwa Kiarabu kweli. Juni 2016, toleo la 9.0 la Unicode liliipa alif kubwa ya Adlam namba yake, 125184, na hapo ndipo Kifulani cha Adlam kilipoacha kusafiri kwa pasi ya mwingine.

Wapo wasemao kazi hii ni ya bure, kwa kuwa Kifulani kina tahajia ya Kilatini iliyokubaliwa Bamako mwaka 1966. Ni kweli, lakini tahajia hiyo nayo ina ɓ na ɗ, herufi ambazo pia zilihitaji namba zake. Na namba ya alif haimnyang'anyi kitu anayependelea Kilatini. Hoja nzito zaidi ni kwamba namba peke yake haisomeki. Windows 10 ilipata fonti yenye Adlam mwaka 2019 tu, miaka mitatu baadaye. Ila bila namba, fonti hiyo ingechorwa juu ya nini? Wengine huhofia kwamba hati changa ikisajiliwa mapema hugandishwa. Hofu hiyo huchanganya herufi na mchoro wake. Unicode husajili alif, haisajili mkunjo wa kalamu. Sura za baadhi ya herufi za Adlam zimerekebishwa tangu hapo kufuata mkono wa waandishi wenyewe. Fonti zikabadilishwa, na barua zilizokwisha kuandikwa hazikuguswa hata namba moja.